Sigara ya Umeme Aliyotumiwa Baba

Mimi ni fundi wa simu hapa Dongobesh, na ni mwanamke, kwa hiyo nimezoea kuulizwa "Fundi yuko wapi?" na mtu aliyesimama mbele yangu huku mimi nimeshika bisibisi. Huwa najibu, "Ametoka, subiri," halafu naendelea kufungua simu yake. Nasema haya mapema mjue mnamsikiliza mtu wa namna gani. Sina subira, na mdomo wangu hauna breki. Baba anasema nilizaliwa nikiwa nimeshakasirika.

Siku moja kondakta wa kosta alinishushia kifurushi kilichozungushiwa gundi kama mtu aliyevunjika mguu. Kilitoka kwa kaka yangu. Kabla sijakifungua nilishangaa, maana kaka si mtu wa kutuma vifurushi.

Kaka ni dereva wa malori, malori ya watu. Aliondoka nyumbani kwa ugomvi na baba. Yeye hakutaka kulima, baba hakuona maisha mengine zaidi ya kulima, wakarushiana maneno uani mchana kweupe, na mwisho baba akamwambia, "Nenda basi, tuone huko utavuna nini." Ni maneno ya hasira. Baba mwingine angeyasema na jioni wakala ugali pamoja. Lakini kaka aliyameza, yakamkaa. Miaka imepita hajakanyaga Masieda, kijijini kwetu. Hakuwa anampigia baba simu. Salamu zilipitia kwangu kama kwamba mimi ndiye posta. Na mimi najua sababu, ingawa hajawahi kuitamka: ni aibu. Huko aliko hajavuna cha kuonyesha, na kwetu mtoto wa kiume anayerudi bila kitu anajisikia kama mgeni ambaye hakualikwa.

Baba naye kichwa ngumu. Hakumwulizia. Mama alishatutoka zamani, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuwapatanisha ila mimi, na mimi mnaniona nilivyo. Baba alikaa peke yake na ng'ombe wake, redio yake na tumbaku yake aliyosokota kwenye karatasi za magazeti, akikohoa hadi mbwa wananyanyuka. Nesi wa zahanati alimwambia mapafu yale yamechoka. Baba akajibu hata yeye amechoka, mbona anaendelea.

Basi nikafungua kifurushi. Ndani palikuwa na bomba la chuma zito, urefu wa kiganja, lenye mdomo juu, na kitufe na matundu madogo kitakoni. Palikuwa na betri mbili, chupa ndogo ya majimaji yenye harufu ya tumbaku na asali, pamba, na waya mwembamba uliosokotwa kwenye kijiti. Kwenye simu ukaingia ujumbe wa kaka: "Mpe mzee. Hiyo ni sigara ya umeme. Aache ile ya magazeti, itamwua."

Nilikaa na lile bomba mkononi muda mrefu. Kwanza nilifurahi, nisiseme uongo. Kaka alikuwa amemkumbuka baba. Halafu ufundi ukaniamka, nikalifungua, na furaha ikaniisha.

Kuna sigara za umeme zenye akili. Ndani mna kidude kinachopima, na mambo yakienda vibaya kinakata umeme chenyewe. Hili bomba halikuwa na kitu hicho. Lilikuwa chuma, betri, na koili, yaani kile kiwaya kilichoviringishwa ambacho kinapata moto, kinachemsha yale majimaji yaliyomo kwenye pamba, na mtu anavuta mvuke. Ukibonyeza kitufe, betri inagusana na koili na umeme wake wote unaondoka kwa kasi unayoitaka wenyewe. Hakuna wa kusema inatosha.

Nikachukua mita yangu. Kwanza niligusanisha nyaya zake zenyewe, kwa sababu ukipima kitu kidogo namna hii, hata nyaya za mita zina ukinzani wake, na usipoutoa unajidanganya. Kisha nikapima koili. Sifuri nukta mbili, haifiki hata robo ya ohm. Nikafuta vichwa vya nyaya kwa kitambaa, nikapima tena. Nukta mbili vilevile.

"Kaka," nikasema kwa sauti, peke yangu dukani, "hivi unataka kumwua mzee?"

Niwaeleze kama nilivyokuja kumweleza baba. Ukinzani ni mlango wa zizi. Mlango ukiwa mwembamba, ng'ombe wanatoka mmoja mmoja, hakuna fujo. Ubomoe mlango, wanatoka wote kwa mbio, na aliyesimama mbele shauri yake. Namba ya koili ikiwa ndogo, maana yake mlango ni mpana. Betri iliyojaa ina volti nne na kidogo. Gawanya kwa nukta mbili, unapata ampea zaidi ya ishirini. Na zile betri zilikuwa zile nene za kuchaji, ndugu na hizo ninazozitoa kila siku ya mnada kwenye tochi za wafugaji wanaotoka Hirbadaw. Nazijua vizuri. Ni betri za kumulika ndama aliyepotea, siyo za kutoa ampea ishirini. Maandishi yake ya nje yalijisifu sana, lakini maandishi yeyote anaweza kuyachapa. Ukiikamua betri hivyo inapata moto, ikipata moto sana inapasuka, na hii ingekuwa kwenye mdomo wa baba yangu.

Haya, na betri moja ngozi yake ilikuwa imechanika shingoni. Watu wengi hawajui kwamba mwili mzima wa betri hizi ni upande wa hasi, kuanzia kitakoni mpaka karibu kabisa na kichwa. Kile kinailoni chembamba cha rangi ndicho kinachotenganisha. Kikichanika, ukaisukuma ndani ya bomba la chuma, imepiga shoti hata kabla hujabonyeza kitufe.

Nikampigia kaka. Nilimwamkia kwanza, maana hasira ni hasira lakini kaka ni kaka.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umepata mzigo?"

"Nimepata bomu."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia ukweli wake wote, koili, betri, ngozi, mdomo wa baba, nikamaliza pumzi nikavuta nyingine nikaendelea. Akasema madereva wenzake wote wanatumia koili za namna hiyo, kwamba namba ikishuka moshi unakuwa mwingi, na kwamba hajaona aliyelipukiwa. Nikamwambia hajaona bado. Nikamwambia nalitupa lile bomba chooni.

Nilisikia lori linapita upande wake.

"Basi tupa," akasema. "Mimi mnanijua. Hata zawadi siwezi." Na simu akakata.

Jamani, hapo nilijisikia vibaya. Nilielewa kwamba nikilitupa lile bomba, kaka hatajaribu tena. Miaka yote ile ilikuwa mara ya kwanza ananyoosha mkono kwa baba, na alikuwa ameunyoosha na kitu cha hatari bila kujua. Nikilipeleka lilivyo, naweza kumzika baba. Nikilitupa, nawazika wote wawili wakiwa hai, kila mmoja kwake. Nililaani mpaka mama wa duka la pili akaja kuchungulia kama nina mteja mkorofi.

Nikafunga mlango wa duka nusu, nikakaa kitako. Ile koili nene niliing'oa, nikachukua ule waya mwembamba wa akiba, nikauviringisha kwenye bisibisi ndogo. Waya ukiwa mwembamba ukinzani unapanda, na ukiongeza mizunguko unapanda zaidi. Nilizungusha, nikapima, nikaongeza, nikapima, mpaka mita ikasoma moja na nukta mbili. Hapo betri inatoa ampea tatu na nusu hivi, mzigo ambao hata betri ya tochi inaubeba bila kulalamika. Nikaangalia kwamba miguu ya koili haigusi ukuta wa chuma. Ile betri iliyochanika niliichunguza, chuma chake kilikuwa kizima, hakina kovu wala bonyeo, nikaivua gamba lake na kuivika jipya, lile la plastiki linalosinyaa likipata joto. Betri zote mbili nikazitafutia chaja, na kikopo cha dawa cha plastiki zikae humo zisigusane na chochote. Nikajaribu lile bomba mwenyewe. Lilitoa mvuke mdogo, wa kistaarabu. Nilikohoa, lakini halikupata moto.

Nilipanda pikipiki kwenda Masieda. Baba alikuwa anapukuchua mahindi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Leo si siku yako. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuletea kitu."

Nikampa. Akaligeuza lile bomba, akalipima uzito, akaninyooshea kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Kimetoka kwa nani?"

"Kwa kaka."

Akaweka gunzi chini. Akajifuta viganja kwenye koti, cha kulia na cha kushoto, polepole. Halafu akanyoosha mikono yote miwili kwa mara ya pili na kulipokea upya, jinsi tunavyopokea kitu cha mtu wa heshima. Mimi nikajifanya naangalia kuku.

Nilimfundisha jioni ile hadi akachoka. Usitembee na betri mfukoni pamoja na funguo wala misumari, chuma kitaziunganisha. Usiliweke bomba mfukoni bila kukaza ile pete inayofunga kitufe, litajibonyeza lenyewe ukikaa. Bonyeza kwa muda wa kuvuta tu, halafu achia. Likipata moto mkononi, liweke chini, nipigie. Usichaji usiku umelala. Ukiona ngozi ya betri imechanika, usiitumie hata kama unatamani kufa. Alisikiliza akiwa amekunja uso, kama anavyomsikiliza bwana shamba.

"Kwa hiyo hii haina akili," akasema mwishoni.

"Haina, baba."

"Basi akili itabidi iwe yangu." Akafikiri kidogo. "Mpigie umwambie imefika."

Nikapiga, nikaweka sauti ya juu maana baba masikio yamepungua, na kumsukumia simu kabla hajabadili nia.

"Shikamoo baba," kaka akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto wa shule.

"Marahaba."

Kaka akakohoa, baba akakohoa. Nilitaka kuwazaba makofi wote wawili.

"Koili vipi?" kaka akauliza.

"Koili nzuri. Dada yako ameizungusha upya."

"Ukinzani wake?"

Baba akanitazama. Nikamwonyesha kwa vidole. "Moja na nukta mbili," akasema kwa majivuno, kama anayetaja ng'ombe wake.

"Ni salama hiyo, baba. Ni nzuri hiyo."

Kuanzia pale kaka alipiga kila Jumapili mchana, akiwa amepaki lori pembeni ya barabara. Na baba kila Jumapili alitoka kanisani kwa haraka isiyo ya mtu wa umri wake, akakaa kwenye kigoda na simu magotini. Ungewasikia ungecheka. Hawakuulizana afya, hawakuulizana kazi, hawakuulizana mvua. Walizungumza koili. Baba, pamba imeungua? Imeungua kidogo, nimebadili. Betri inadumu? Inadumu, ya pili inasinzia mapema. Wanaume wawili wazima waliokuwa na mengi ya kuambiana, wakaona heri waambiane habari za kiwaya. Lakini baba alikuwa akimaliza simu, siku hiyo yote ana maneno mengi, hata kwa ng'ombe.

Tumbaku ya magazeti ilipungua. Nesi alisema afadhali aache vyote, hili bomba nalo si dawa, na mimi nilikubaliana naye. Baba akasema sawa, atafika huko, asimkimbize.

Mimi sikuwa na amani, niseme kweli. Kila simu iliyoita asubuhi nilidhani ni jirani ananiita nije na gari. Siku moja nilifika nikakuta ameziba yale matundu madogo ya kitakoni kwa nta ya nyuki.

"Baba! Umefanya nini?"

"Vumbi linaingia."

"Baba, matundu haya ndipo betri itakapotolea pumzi ikiharibika! Ukiziba, hilo si bomba tena, ni bunduki!"

"Sasa si ungesema," akanijibu, akaanza kuchokonoa nta kwa mwiba, hana wasiwasi wowote. Nilirudi Dongobesh nimevimba. Njiani niliapa Jumapili ijayo nalichukua lile bomba, liwalo na liwe. Jumapili ilipofika nikamkuta kwenye kigoda, kavaa shati la kanisani, simu magotini, anangoja. Bomba nikaliacha.

Halafu zikaja siku za mawingu. Ni zile siku za huku juu ambapo ukungu unalala shambani na jua linakuwa habari ya kusikia tu. Baba anachajia kwa sola, na sola yake ndogo ilishindwa. Bomba kama lile halina kitu cha kumwambia mtu kwamba betri imeisha, linakamua tu mpaka mwisho, kwa hiyo betri zote mbili zikafa kabisa.

Jumapili moja jua likatoka kali, kama linalipiza. Nilifika Masieda baada ya misa. Baba hakuwa kwenye kigoda. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba, kwenye lile jiwe bapa tunaloanikia ulezi, na mkononi ana kokoto.

Hapa itabidi nimtetee. Kwetu betri ya redio ikichoka haitupwi. Unaing'ata kidogo katikati, au unaigonga kwa jiwe ibonyee, halafu unaianika juani. Redio inaimba tena siku mbili tatu. Kila nyumba inafanya hivyo. Baba amefufua betri za redio tangu mimi sijazaliwa, na anajulikana kwa mkono wake mzuri. Kwa hiyo betri ya mwanawe ilipokufa, akaifanyia alichokifanyia kila betri aliyowahi kuipenda. Tangu asubuhi alikuwa ameichaji kwa sola, akaona bado inasinzia. Kwanza aliing'ata, meno yaliyobaki yakakataa. Akaigonga kwa kokoto kila upande. Kisha akailaza kwenye jiwe, juani. Ya pili ilikuwa kwenye kikopo chake ikisubiri zamu.

Sikujua lolote kati ya hayo. Nilichokiona ni betri imebonyea kiunoni, ngozi imepasuka, na baba ameinama juu yake akiitazama kwa upendo. Na nilisikia inapumua. Ssss, kama chai ndani ya chupa isiyofungwa vizuri.

"Baba, toka hapo!"

"Inaamka," akasema.

"Toka!"

Akanyoosha mkono kuichukua. Nadhani alitaka kuiokoa na makelele yangu. Sijui nilirukaje, nilimdaka kola ya koti kwa mikono miwili nikamvuta nyuma, tukaanguka wote kwenye majani, yeye juu yangu, na ile betri ikatoa moshi mweupe mzito, ikaruka, ikatua ukingoni mwa jiwe na kuwaka. Mama yangu! Moto ule haukuwa wa kuni. Ulitoka kichwani mwa betri kama mtu anatema, una sauti, una harufu ya kukaba koo. Jiwe likawa jeusi. Mbwa alikimbia hadi kwa jirani.

Ulipozima tulikuwa bado tumekaa chini. Nilimshika baba uso, nikamgeuza kushoto na kulia, nikamshika vidole kimoja kimoja. Vyote vilikuwepo. Ndipo nikaanza kumfokea. Nilimfokea kama si baba yangu, huku machozi yananitoka, nikamwambia ingekuwa mkononi, ingekuwa mdomoni, ningekuja kukuokota kwa vipande!

Aliniacha nimalize.

"Uliniambia funguo," akasema. "Uliniambia mfuko, uliniambia matundu. Jua hukuniambia."

Nikamfuta majani kwenye koti.

Kisha nikamsimamisha, nikachukua lile bomba na ile betri ya pili, nikaziweka kwenye mkoba wangu. Hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha kuliko moto. Alirudi mbele ya nyumba, akakaa kwenye kigoda, akatoa simu na kuiweka magotini. Alionekana mzee. Nilikuwa sijawahi kumwona mzee kiasi kile.

"Sasa atanipigia aniulize nini?" akasema.

Sikumwelewa mara moja. Halafu nikamwelewa, na hasira yangu yote ikanitoka kama maji kwenye gunia. Alikuwa amegonga betri ile kwa sababu Jumapili ilikuwa imefika na hakuwa na habari ya kumpa mwanawe.

Simu ikaita. Aliitazama ikiita. Mimi, kwa mara ya kwanza maishani, nilifunga mdomo wangu.

Akapokea, sauti ya juu.

"Shikamoo baba. Vipi, koili inaendeleaje?"

Baba akafumba macho. Nyumbani huwa tunazungumza Kiiraqw, lakini kwenye simu zile za Jumapili wao wawili walikuwa wakitumia Kiswahili muda wote, kwa sababu maneno ya koili na ukinzani ni ya Kiswahili. Sasa baba akaacha Kiswahili. Akasema kwa lugha yetu, polepole:

"Imelipuka."

"Nini? Baba, umeumia? Umeumia wapi?"

"Sijaumia. Dada yako alinivuta koti."

Nilimsikia kaka anahema. "Nisamehe baba. Nisamehe. Yote ni mimi. Nitatuma nyingine, ile yenye akili, inayokata yenyewe. Wiki hii hii natuma..."

"Usitume."

Nilijua kaka anafikiri nini. Alikuwa anafikiri mlango umefungwa tena.

"Usitume kitu," baba akasema. "Njoo wewe."

Nikadhani mtandao umekatika. Nilisogea kuangalia kioo, dakika zilikuwa bado zinahesabu. Ilipotoka tena, sauti ya kaka ilikuwa imepasuka.

"Baba, mimi sina... Baba, nije na nini?"

Baba alitazama mlima, ambako mawingu yalikuwa yameanza kushuka tena. Alifikiri swali lile kwa makini, kama swali la kweli.

"Njoo na sweta," akasema. "Huku baridi imeanza."